Dakika 164 hadi 118: je, foleni ya wagonjwa wa nje (OPD) imepungua kweli?

*"Mimi ni muuguzi kwenye kituo cha afya cha serikali, Tanzania bara. OPD tunaona wagonjwa 60 hadi 70 kwa siku, tabibu mmoja, siku nyingine wawili. Mwezi Machi sanduku la maoni lilijaa malalamiko ya foleni, tukapima Jumatatu, Jumanne na Jumatano: wastani ulikuwa dakika 164 tangu mgonjwa anafika mpaka anatoka na dawa. Tukaanza kugawa namba getini, tukafungua na dirisha la pili la malipo. Juni tukapima tena, Jumatano hadi Ijumaa, tukapata dakika 118. Mganga mfawidhi anataka tupeleke halmashauri kama mafanikio. Mwenzangu aliyesoma shahada anasema huo si utafiti: hakuna kundi la kulinganisha, sampuli ni ndogo, na hatukuomba kibali. Nani yuko sahihi? Na tukitaka kupima vizuri bila bajeti, tufanyeje?"*

Ndugu muuguzi, mmefanya jambo ambalo vituo vingi havilifanyi: mmeshika saa mkapima, badala ya kubishana. Swali lako limebeba maswali matatu. Je, dakika 46 zilizopungua ni za kweli? Kama ni za kweli, zimeletwa na namba na dirisha la pili, au na kitu kingine? Na je, mlipaswa kuomba kibali? Mganga mfawidhi anawahi mno kutangaza. Mwenzako ana hoja, ila zile alizozishika si ndizo nzito zaidi.

Nianze na kundi la kulinganisha. Ni njia nzuri, lakini si njia pekee. Kituo kinaweza kujilinganisha chenyewe kwa chenyewe, mradi kipimwe mara nyingi kabla ya badiliko na mara nyingi baada yake. Kasoro yenu ni kwamba mna nukta mbili tu, Machi na Juni. Ukiweka nukta mbili popote kwenye karatasi, mstari utazipitia, na mara nyingi utakuwa unapanda au unashuka. Hata kama kituo hakikubadilisha chochote, wiki hii na wiki ijayo hazilingani. Bila kujua foleni yenu huyumba kiasi gani siku za kawaida, hakuna awezaye kusema kama dakika 46 ni nyingi au ni kuyumba kule kule.

Sasa tazama siku mlizochagua. Machi mna Jumatatu, Juni hamna. Kila aliyefanya kazi OPD anaijua Jumatatu: wagonjwa wa Jumamosi na Jumapili wote wanafika pamoja. Kuiondoa Jumatatu peke yake kunaweza kushusha wastani bila badiliko lolote. Pili, mlianza kupima baada ya malalamiko kujaa, yaani wakati mambo yako pabaya kuliko kawaida. Kitu kinachopimwa kikiwa kileleni mara nyingi hushuka chenyewe kikipimwa tena. Mwanasayansi Mwingereza Francis Galton aliliona hilo mwaka 1886 kwenye urefu wa wazazi na watoto wao, na limekuwa likiwapotosha watu kwenye kila fani tangu wakati huo. Tatu, Machi na Juni si msimu mmoja: mvua, kilimo na malaria vyote hubadilisha idadi ya watu na aina ya magonjwa. Nne, watumishi wakijua leo wanapimwa, huchangamka. Jambo hili limepewa jina la kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago, kilichofanyiwa majaribio ya tija miaka ya 1920 na 1930.

Kuna la tano, nalo ndilo ningeliuliza kabla ya yote: kwenye zile siku tatu za Juni, matabibu walikuwa wangapi?

Nieleze kwa nini hili ni zito. Tuseme tabibu hutumia dakika 8 kwa mgonjwa. Wagonjwa 60 kwa dakika 8 ni dakika 480, saa 8 kamili, bila chai wala kunyoosha mgongo. Nusu yao wakienda maabara na kurudi na majibu, kila anayerudi akitumia dakika 4, unaongeza dakika 120. Hizo ni saa 10 za kazi kwa mtu mmoja. Siku ya tabibu mmoja, kituo chenu kimezidiwa kabla ya geti kufunguliwa, na hakuna kikaratasi cha namba kitakachobadilisha hesabu hiyo. Siku ya matabibu wawili, kila mmoja anabaki na saa 5 za kazi. Hizo ni hali mbili tofauti kabisa, na kuzichanganya kwenye wastani mmoja ni kujifumba macho.

Watu wengi hudhani foleni hukua sambamba na kazi: wagonjwa wakiongezeka kidogo, kusubiri kunaongezeka kidogo. Sivyo inavyokuwa. Chukua tabibu yule yule wa dakika 8, wagonjwa wakifika bila mpangilio na muda wa kila mmoja ukitofautiana sana. Hesabu za foleni zinasema wagonjwa 6 kwa saa wakiendelea kufika kwa kasi hiyo, wastani wa kusubiri mlangoni kwake utakuwa dakika 32. Wakiwa 7 kwa saa, unaruka hadi dakika 112. Mgonjwa mmoja tu ameongezeka kwa saa, na kusubiri kumezidi mara tatu, kwa sababu tabibu amebaki bila nafasi ya kupumua: kila anayechelewa kidogo humsukuma wa nyuma yake, na hakuna dakika tupu ya kufidia. Namba hizi ni za nadharia, siku halisi huanza na kuisha kabla foleni haijafika huko, lakini mwelekeo ndio huo. Ndiyo maana siku moja OPD inatiririka, na kesho yake, watu watano tu wakiongezeka, inaziba.

Halafu kuna foleni ya asubuhi, ambayo haihitaji nadharia. Kama wagonjwa 30 wako benchi wakati tabibu anaita wa kwanza, yule wa 30 atasubiri 29 mara 8, yaani dakika 232, karibu saa 4. Dirisha la pili la malipo litamwondoa mapema kwa mhasibu na kumketisha mapema kwenye benchi la tabibu. Foleni itakuwa imehama, haijapungua. Kwa hiyo muda wa jumla, kuingia hadi kutoka, hautoshi. Mnahitaji kujua dakika zinalala wapi.

Kwa hilo, kifaa chenu ni kadi ya muda. Kata karatasi ya A4 vipande vinne. Kila kipande kina visanduku: amefika, ameandikishwa, amelipa au bima imehakikiwa, ameingia kwa tabibu, ametoka, sampuli imepokelewa maabara, majibu yametoka, amerudi kwa tabibu, amepewa dawa. Hakuna jina, hakuna namba ya faili. Tarehe na namba ya kadi tu. Kadi inabanwa kwenye daftari la mgonjwa na kila kituo cha huduma kinajaza sanduku lake. Mgonjwa asijaze mwenyewe.

Makosa hutokea mahali ambapo watu hawapategemei. La kwanza ni saa za ukutani. Ile ya mapokezi ikiwa mbele kwa dakika 6 kuliko ya famasi, kila mgonjwa ameibiwa dakika 6 na hutazijua. Asubuhi ya kupima, zote zilinganishwe na simu moja. La pili ni la kwetu Waswahili: mmoja ataandika 3:20 akimaanisha saa tatu na dakika ishirini asubuhi, mwingine ataandika 9:20 kwa wakati ule ule, na wa tatu ataandika 3:20 akimaanisha saa tisa na dakika ishirini alasiri. Ukija kuzijumlisha unapata mgonjwa aliyesubiri saa sita, au aliyetoka kabla hajaingia. Kubalianeni mfumo mmoja, mwandike kwa wino mzito juu ya kila kadi. La tatu ni kadi zisizorudi. Aliyechoka akaenda zake duka la dawa ameondoka na kadi yake, naye huenda ndiye aliyesubiri kuliko wote. Ukihesabu zilizorudi tu, kituo kitaonekana chepesi. Andika kila siku kadi zilizotolewa na zilizorudi. Pengo hilo ni kipimo chenyewe, na kwangu ni kipimo kizito kuliko wastani wowote.

Hamhitaji kuwapa wagonjwa wote kadi. Kumi kwa siku wanatosha, lakini wasiwe kumi wa kwanza. Wagonjwa wakiwa 60, chukua kila wa sita. Wa kuanzia pata kwa kuokota kikaratasi kati ya 1 na 6. Pima siku mbili kila wiki, moja ikiwa Jumatatu siku zote, nyingine siku iliyopangwa, na usiibadilishe kwa sababu leo kuna kazi nyingi. Siku yenye kazi nyingi ndiyo tunayoitafuta. Hapo ndipo hoja ya mwenzako kuhusu sampuli inapojibiwa: kwa kazi ya aina hii, kadi 20 kila wiki kwa wiki 20 zina faida kuliko kadi 400 zilizojazwa ndani ya wiki moja. Hizo 400 zitakueleza vizuri sana kuhusu wiki moja.

Kama hata kadi ni mzigo, ipo njia nyepesi zaidi. Kila nusu saa, tangu kabla mgonjwa wa kwanza hajafika hadi wa mwisho anapoondoka, mtu mmoja apite akihesabu wagonjwa waliomo, benchi zote, maabara na famasi. Wasindikizaji wasihesabiwe, mkishagawa namba ni rahisi, mwenye namba ndiye mgonjwa. Wastani wa vichwa ukiwa 20, na siku ya saa 8 ilipokea wagonjwa 64, yaani 8 kwa saa, basi wastani wa muda wa mgonjwa kituoni ni 20 gawanya kwa 8, saa 2 na nusu, dakika 150. Mtafiti wa Marekani John Little aliithibitisha kanuni hii mwaka 1961, na haijali watu wanafika kwa mpangilio gani. Haitakuonesha dakika zinalala wapi, lakini itakupa wastani wa siku kwa kalamu na daftari.

Kwenye kadi, acha wastani kidogo na utumie mediani, yaani namba inayokaa katikati ukizipanga kuanzia ndogo. Dakika za wagonjwa saba zikiwa 40, 55, 60, 70, 75, 90 na 380, wastani ni 110, ingawa sita kati yao hawakufika hata 100. Mediani ni 70. Yule wa 380 usimfute. Huenda alisubiri majibu yaliyopotea. Muhesabu mahali pake: kila wiki andika pia ni wagonjwa wangapi walizidi saa 3.

Sasa chora. Karatasi ya grafu, wiki chini, dakika kando, nukta moja kwa kila wiki. Tuseme wiki kumi za kabla ya badiliko zilikuwa 150, 171, 142, 165, 158, 139, 160, 148, 167 na 152. Mediani yake ni 155. Chora mstari wa 155 na uuendeleze mbele bila kuugusa. Baada ya badiliko zinakuja 131, 140, 122, 128, 118 na 125. Nukta sita mfululizo ziko upande mmoja wa mstari, na kanuni inayotumika sana kwenye uboreshaji wa huduma inasema sita ni ishara ya badiliko halisi. Wengine hudai nane, na kama mna muda subirini nane. Nukta tano mfululizo zinazopanda tu au kushuka tu ni ishara nyingine. Nukta iliyoangukia kwenye mstari wenyewe haiongezi wala haivunji hesabu. Chati hii ni ndugu ya ile aliyoibuni mhandisi Walter Shewhart mwaka 1924 kwa ajili ya viwanda vya Western Electric, kampuni ile ile yenye kiwanda cha Hawthorne. Chini ya kila nukta andika matabibu walikuwa wangapi na kama kulikuwa na jambo la pekee: umeme ulikatika, vitendanishi viliisha, kulikuwa na kampeni ya chanjo. Bila maandishi hayo, miezi mitatu baadaye mtakuwa mnabuni sababu.

Kuna jambo moja sitaki lipite kwa haraka, kwa sababu linahusu uhai. Namba za getini zinawapanga watu kwa kufika, na ugonjwa haufuati kufika. Mtoto anayepumua kwa shida, mwenye degedege, aliyepoteza fahamu au aliyelegea kwa kuishiwa maji hana namba. Anaingia sasa hivi. Shirika la Afya Duniani lina utaratibu wa kuwachuja watoto kwa makundi matatu, wa dharura, wa kupewa kipaumbele, na wanaoweza kusubiri. Anayegawa namba lazima aujue, na awe mtu anayewatazama wagonjwa usoni, si mlinzi anayechana vikaratasi. Kama tangu mwanze namba hakuna aliyepewa kazi hiyo, irekebisheni kesho asubuhi, kabla ya chati yoyote. Pamoja na hilo, pimeni na upande wa pili wa mizani: muda wa mgonjwa ndani ya chumba cha tabibu. Kama umetoka dakika 8 hadi 4, foleni imepungua kwa gharama ya uchunguzi, na hayo si mafanikio.

Namba pia haziwezi kueleza kila kitu. Mchague mtu amfuate mgonjwa mmoja, kwa ridhaa yake, kutoka getini hadi getini, akiandika tu anachokiona. Mkiwauliza wagonjwa wenyewe, asiulize muuguzi aliyevaa sare, maana atajibiwa "huduma nzuri tu, tunashukuru" na mtu aliyekaa tangu alfajiri. Usiulize kama ameridhika. Uliza: "Leo umekaa wapi muda mrefu zaidi? Ulikuwa unasubiri nini pale?"

Je, Machi yenu imepotea? Si yote. Risiti za malipo za mashine huwa na saa, na kama kituo kinatumia mfumo wa kielektroniki, kila hatua inaweza kuwa imeacha saa yake. Rejesta ya maabara nayo wakati mwingine huandika muda wa kupokea sampuli. Mkipata saa ya malipo na saa ya sampuli kwa miezi kadhaa kabla ya Aprili, mnaweza kuchora kipande hicho cha safari. Kitabu cha MTUHA (mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya) hakitawasaidia kwenye dakika, ila kitawapa idadi ya wagonjwa kwa kila siku, mjue kama Juni ilikuwa nyepesi kuliko Machi. Njia nyingine ni kulifunga dirisha la pili kwa wiki chache muone kama foleni inarudi. Kwa ushahidi ni njia yenye nguvu, lakini ni kuwarudishia wagonjwa usumbufu kwa makusudi, nami nisingeifanya. Mhasibu wa pili akienda likizo, hapo pimeni. Jaribio limejileta lenyewe.

Njia ninayoipendelea ni kuihesabu hali ya leo kama mwanzo mpya. Pimeni wiki kumi bila kugusa kitu, kisha mjaribu badiliko moja tu. Kwa hesabu za tabibu nilizokuonesha, mahali pa kujaribu si kwenye malipo. Jaribuni kuwahamishia mchana wagonjwa wa shinikizo la damu na kisukari wanaokuja kuchukua dawa, au, kama mwongozo na tabibu wenu wanaruhusu, wenye homa wapimwe mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) kabla ya kuingia chumbani ili wasirudi mara ya pili. Anzeni kwa siku moja ya wiki, mtazame, mrekebishe, ndipo mpanue. Na kama kuna kituo jirani kilicho tayari, kianze kupima leo pamoja nanyi na kuleta badiliko wiki nane baada yenu. Mwenzako atakuwa amepata kundi lake la kulinganisha, na hakuna mgonjwa atakayenyimwa kitu.

Kuhusu kibali. Kupima foleni yako ili uboreshe huduma yako ni sehemu ya kazi ya uongozi. Inatosha mganga mfawidhi aidhinishe kwa maandishi na Mganga Mkuu wa halmashauri ajue. Mambo hubadilika mnapokusudia kuandika makala ya jarida au kutoa hitimisho kwa vituo vingine, mnapowahoji wagonjwa kwa ajili hiyo, mnapowagawa kwa bahati nasibu, au mnapochukua taarifa zinazomtambulisha mtu. Hapo mnahitaji kibali cha maadili, Tanzania bara kupitia NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) au kamati ya taasisi inayotambuliwa. Zanzibar ina kamati yake, na Kenya kuna NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi na teknolojia) pamoja na kamati ya maadili iliyoidhinishwa. Ombeni kabla ya kuanza, msitegemee kamati ihalalishe data iliyokwisha kukusanywa. Mkiwa na shaka mko upande gani, andikieni kamati ukurasa mmoja waamue wao. Na hata pasipohitajika kibali, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo: kadi zisizo na majina, zifungiwe kabatini.

Kuna mahali maandishi yangu hayatoshi. Mkitaka kuhusisha vituo vinne au zaidi, au mkitaka kusema kwa namba badiliko limepunguza dakika ngapi baada ya kuondoa athari ya msimu, tafuteni mtakwimu mkae naye uso kwa uso kabla ya kukusanya, si baada. Timu ya uboreshaji ya hospitali ya wilaya au ya mkoa inaweza kuja kuitazama OPD yenu ikifanya kazi. Mtu aliyesimama koridoni saa 2 asubuhi ataona mambo ambayo barua haiwezi kunionesha.

Na taarifa ya halmashauri? Pelekeni, ila kwa maneno haya au yanayofanana nayo: "Machi, kwa siku tatu ikiwemo Jumatatu, wastani ulikuwa dakika 164. Juni, kwa siku tatu bila Jumatatu, ulikuwa dakika 118. Kati ya vipimo hivyo tulianza kugawa namba na tukafungua dirisha la pili la malipo. Bado hatuwezi kusema ni kiasi gani cha tofauti hiyo kimeletwa na mabadiliko hayo. Kuanzia wiki hii tunapima kila wiki, na chati itaambatanishwa kila robo mwaka. Siku za tabibu mmoja, mahitaji yanazidi saa za kazi. Tunaomba ikama, yaani idadi ya watumishi, ijadiliwe." Sentensi ya mwisho iwekeeni hesabu yake, dakika kwa dakika, kwa muda halisi mtakaoupata kwenye kadi badala ya ile 8 yangu ya mfano.